Baiskeli, Gari, na Amani ya Nyumbani

Somo la mwezi kwa familia na vikundi vya Biblia

Masomo ya kusoma: Warumi 14:1–13, Wagalatia 6:1–5, Matendo ya Mitume 8:26–39, Mathayo 5:23–24, Yakobo 2:1–4.



Mwezi huu tumechagua jambo ambalo pengine litawachekesha baadhi yenu. Mtauliza, "Je, Maandiko yana habari gani na baiskeli?" Tunajibu kwamba ugomvi wa nyumbani mara chache huanza kwa jambo kubwa. Huanza kwa chumvi iliyozidi, au redio yenye kelele, au mlango uliosahauliwa wazi. Na katika mji wetu wa Dar es Salaam mara nyingi huanza asubuhi, kila mmoja anapotaka kutoka kwenda kazini au shuleni. Twawaomba msome kwanza masomo yaliyotajwa hapo juu, kisha mfuatane nasi polepole.

1. Nyumba moja ya Ilala

Iko nyumba moja ya Wakristo huko Ilala. Wenyewe wametupa ruhusa kueleza habari zao, nasi tumebadili mambo mawili matatu ili wasitambulike. Baba ana duka la vitambaa Kariakoo. Mama ni muuguzi, na kazi yake iko upande wa Upanga. Wana kijana wa kiume anayetengeneza simu katika mtaa wa Aggrey, na binti aliye shule ya sekondari. Bibi, aliyemzaa baba, anakaa nao. Miguu yake haina nguvu tena.

Baba ana gari dogo, alilolinunua likiwa limekwisha kutumika, baada ya kuweka akiba miaka mingi. Kila asubuhi hulitoa mapema, akawapeleka mama na binti, kisha akaenda dukani. Kijana naye alikuwa akipanda humo humo. Alipoanza kupata fedha zake mwenyewe, akanunua baiskeli. Tangu siku hiyo amani ikapungua.

Baba alisema, "Gari lina nafasi. Kwa nini mwanangu aje nyuma yangu kwa baiskeli kana kwamba tumegombana? Watu wa Kariakoo watasema ninamnyima." Kijana akajibu kwamba haji nyuma, maana yeye hufika kwanza. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa na miiba. Kutoka Ilala Boma mpaka sokoni ni kama kilometa 3. Baiskeli iendayo kilometa 12 kwa saa humaliza safari hiyo kwa dakika 15. Mwenye gari, asubuhi ya foleni, huweza kuzimaliza dakika hizo zote akizitazama taa za Karume tu.

Maneno yakazidi. Kijana akasema kwamba gari linakula fedha za nyumba: mafuta, bima, spea, na ada ya maegesho, afadhali liuzwe. Baba akasema kwamba gari hilo analolidharau ndilo lililompeleka hospitali usiku alipougua malaria. Mama akanyamaza, lakini hakula. Mwisho ugomvi ukaingia kanisani. Jumapili moja, wakati wa kupeana amani katika Misa, baba aligeuka kulia na kijana akageuka kushoto. Waliwapa mkono majirani wote, wao wawili wasipeane. Kisha wote wawili wakaenda mbele kupokea.

Hapo, ndugu zetu, jambo lilikuwa limekwisha kuacha kuwa la baiskeli na gari.

2. Swali la mzee

Mzee mmoja wa kanisa aliyaona hayo akaenda kuwatembelea jioni. Wote walimngoja aamue nani ana haki. Hakuamua. Alimwuliza kila mmoja, "Wewe unaogopa nini?" Tunaomba mliangalie sana swali hili, maana ndiyo kiini cha somo letu.

Baba alikaa kimya kwa muda. Kisha akasimulia kwamba alipokuwa kijana, katikati ya miaka ya themanini, alichukuza vitambaa vya watu kwa baiskeli ya kuazima, kutoka Kariakoo mpaka Buguruni na Temeke. Siku moja ya mvua aliteleza katika barabara ya Uhuru, majora matatu yakaingia matopeni, naye akailipa hasara ile kwa miezi mingi. Aliapa kwamba mtoto wake hatapanda baiskeli kwa kukosa. "Nikimwona juu ya baiskeli," alisema, "naona kama kwamba kazi yangu yote imerudi nyuma." Kijana hakuwa amewahi kusikia habari hiyo.

Mama alisema kwamba kazini kwake huwaona wanaoletwa baada ya ajali za barabarani. Hapendi gari kwa ajili ya fahari. Alipenda tu pawe na bati kati ya mwanawe na lori. Kila asubuhi hakuweza kushika kazi yake sawasawa mpaka ajue kwamba kijana amefika.

Kijana naye akasema asilokuwa amelisema. "Nikishuka garini mbele ya wenzangu, mimi ni mtoto wa mwenye duka. Nikifika kwa baiskeli, mimi ni fundi." Aliogopa kubaki mtoto.

Binti aliulizwa wa nne, akashangaa kuulizwa. Akasema yeye angependa kujifunza baiskeli, lakini alikwisha kuambiwa kwamba si chombo cha msichana, tena kwamba watu watamcheka. Aliogopa kucheka kwao, na aliogopa pia kwamba hatajifunza kamwe.

Bibi alikuwa wa mwisho. "Ninyi mnagombea magurudumu," alisema. "Mimi naogopa siku gari litakapouzwa. Sitaweza tena kufika Misa, wala kliniki." Kijana aliinamisha kichwa, maana katika hesabu yake yote ya mafuta na spea hakuwa amemtia bibi yake.

3. Tukumbuke tulikotoka

Yafaa pia tuukumbuke mji wetu ulivyosafiri, ili wazee na vijana wasihukumiane bila kujuana.

Wazee wetu wengi walifika kazini kwa miguu, na aliyekuwa na baiskeli alihesabiwa kuwa mtu wa maendeleo. Mwaka 1974 liliundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Mabasi hayakutosha watu. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979, na nchi yetu ilikuwa imetoka katika vita vya kumwondoa Idi Amin. Wenye umri watakumbuka wakati ambapo magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, ili kuokoa mafuta. Jumapili jioni mwenye gari na asiye na gari walikwenda njia moja kwa miguu. Siku zile kiwanda cha taifa, NABICO, kiliunda baiskeli za Swala, na watu walizitafuta kwa bidii.

Mwaka 1983 mabasi madogo ya watu binafsi yaliruhusiwa, yakaitwa daladala kwa sababu ya nauli ya shilingi tano, ambayo watu waliiita dala. Baadaye yakaja magari mengi yaliyotumika kutoka nje, kisha bajaji na bodaboda. Mwezi wa Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi kati ya Kimara na Kivukoni, na tawi lake hupita mtaa wa Msimbazi mpaka Gerezani, kando kabisa ya Kariakoo.

Basi tuone. Kwa mtu aliyekulia katika miaka ile ya shida, gari ni ishara kwamba Mungu amemtoa mbali. Kwa kijana aliyezaliwa katika foleni, gari ni mahali pa kukaa na kungoja. Wote wawili husema kweli, kila mmoja kwa miaka yake. Wahenga walisema kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake.

4. Neno la Mungu latufundisha nini?

(a) Warumi 14. Wakristo wa Rumi waligombana juu ya chakula na juu ya siku. Mmoja alikula vyote, mwingine alikula mboga tu. Mtume Paulo hakuwaamuru wote wale chakula kimoja. Alimkataza alaye asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu alaye. Tazameni kwamba kila upande una dhambi yake. Katika nyumba yetu ya Ilala, baba alikuwa karibu na kudharau: aliona baiskeli kuwa kitu cha mtu aliyeshindwa. Kijana alikuwa karibu na kuhukumu: aliona gari kuwa ubadhirifu na majivuno. Kupanda baiskeli si utakatifu, na kupanda gari si dhambi. Bali dharau na hukumu zaweza kukaa katika chombo chochote.

Katika mstari wa 13 Mtume ataja kikwazo kiwekwacho mbele ya ndugu. Sisi wa mjini tunaweza kuusoma mstari huo hata kwa macho ya mwili. Tukiegesha gari juu ya njia ya waendao kwa miguu, mama mwenye mtoto mgongoni hulazimika kushuka barabarani, katikati ya mikokoteni na pikipiki. Hicho ni kikwazo chenye magurudumu manne. Na mpanda baiskeli apitaye upande usio wake, au akatizaye taa nyekundu, naye ameweka kikwazo.

(b) Matendo 8. Towashi wa Kushi, mtunza hazina wa malkia, alikuwa amepanda gari lake, gari la farasi la siku zile, akisoma kitabu cha nabii Isaya. Filipo alikuwa kwa miguu, akapiga mbio mpaka akalifikia. Mwenye gari hakumfukuza mwenda kwa miguu, wala mwenda kwa miguu hakumtukana mwenye gari. Yule alikiri kwamba haelewi asomayo, akamwomba Filipo apande aketi naye. Walipofika penye maji walishuka wote wawili. Baadaye kila mmoja aliendelea na njia yake, na towashi alikwenda akifurahi. Hawakuhitaji kusafiri namna moja maisha yao yote. Yatosha kwamba walipokutana, mmoja alikuwa na nafasi na mwingine alikuwa na neno, wakagawana.

(c) Wagalatia 6. Hapa pana fundisho ambalo mtu wa Kariakoo angepaswa kulielewa kuliko wengine. Jina la Kariakoo limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliokaa mahali hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Watu hao walichukua vyakula na risasi za jeshi vichwani mwao, na maelfu kwa maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu. Sanamu ya Askari katika barabara ya Samora, iliyowekwa mwaka 1927, inawakumbuka wao pia. Hata leo ukisimama karibu na lile soko lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, utaona ya kuwa mahali hapa bado ni pa wachukuzi: mkokoteni wa magunia, tenga la kuku juu ya keria, muuza madafu akiisukuma baiskeli iliyofunikwa na nazi mpaka haionekani.

Sasa, Mtume asema katika mstari wa 2 tuchukuliane mizigo. Katika mstari wa 5 asema kila mtu atachukua furushi lake. Je, amejipinga mwenyewe? La. Mzigo si furushi. Katika Kigiriki pia maneno ni mawili. Mzigo ni ule umlemeao mtu mpaka aanguke: ugonjwa, msiba, uzee, hofu. Furushi ni lile ambalo kila mtu mzima hana budi kulishika mwenyewe: kazi yake, uamuzi wake, njia yake ya kila siku.

Tuirudie ile nyumba. Miguu ya bibi ni mzigo. Hakuna haki ya kumwachia yeye peke yake. Hofu ya mama ni mzigo. Kumbukumbu ya baba ni mzigo. Lakini safari ya kijana kwenda kazini kwake ni furushi lake, naye ana haki ya kulibeba. Baba alitaka kumnyang'anya mwanawe furushi, na kijana alisahau kushika mzigo wa bibi. Nyumba nyingi huvurugika kwa kuchanganya mambo haya mawili.

5. Walipatana namna gani?

Walikubaliana mambo machache. Gari halitauzwa, kwa kuwa si la baba peke yake: ni miguu ya bibi, na mara kwa mara ni miguu ya mtaa mzima, maana usiku wa ugonjwa au siku ya msiba majirani hubisha mlango huo huo. Kijana ataendelea na baiskeli, lakini atapita mitaa ya ndani na kuiacha barabara ya Uhuru asubuhi. Atavaa kofia ngumu. Na akifika tu atampigia mama simu. Siku baba anapokuwa na majora mengi, kijana ataiacha baiskeli nyumbani na kwenda naye kuyapakua. Binti atafundishwa na kaka yake Jumamosi jioni, katika kiwanja kisicho na magari. Bibi ndiye aliyeamua hilo, akisema kwamba angalau mmoja wa wanawake wa nyumba hiyo awe na magurudumu yake mwenyewe.

Siku chache baadaye kijana alikuta mezani taa nyekundu ya nyuma ya baiskeli, mpya, ndani ya karatasi ya dukani. Hakuna aliyesema neno. Jumapili iliyofuata, wakati wa amani, baba na mwana walipeana mkono.

Hatusemi kwamba ugomvi umekwisha. Baba bado haipendi baiskeli, na kijana bado hutaja bei ya mafuta kila inapopanda. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Lakini sasa wanajua kila mmoja amebeba nini.

6. Yafaa tufanye nini sisi?

Kwanza, nyumbani. Kabla ya kubishana juu ya chombo, tuulizane lile swali la mzee. Tuwaulize pia watoto wa kike na wazee, ambao mara nyingi husafirishwa bila kuulizwa.

Pili, barabarani. Baiskeli ni chombo cha barabarani, nayo hupita kushoto kama vyombo vingine. Mwenye baiskeli ajaribu breki kabla ya kutoka, awe na taa usiku, wala asiingie katika njia ya mabasi yaendayo haraka. Mwenye gari atazame nyuma kabla ya kufungua mlango, asipige honi kwa hasira, na ampitapo mwenye baiskeli amwachie nafasi ya kutosha, kana kwamba ni mwanawe mwenyewe. Wale wanaopeleka samaki wa Feri na madafu kwa baiskeli hawatalii. Ndiyo riziki yao.

Tatu, kanisani. Hapa hatuna budi kujikosoa. Katika uwanja wetu magari yana kivuli na mlinzi. Baiskeli huegemezwa ukutani karibu na choo, na mwenyewe husali jicho moja likiwa nje. Msome tena Yakobo 2:1–4, juu ya mtu mwenye pete ya dhahabu na mahali alipoketishwa, mwone kama hatuhusiki. Bomba moja la chuma lililojengewa chini ya mwembe, la kufungia baiskeli, halitaifilisi parishi. Tunaomba Halmashauri ilifikirie. Na wenye magari yenye nafasi waandikishe majina yao, ili wazee wasioweza kutembea wafikishwe Misa.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika nyumba yenu, ni jambo gani dogo lililovuruga amani mwaka huu? Nyuma yake palikuwa na hofu gani?

2. Soma Warumi 14:3. Je, wewe huelekea zaidi kudharau au kuhukumu? Toa mfano.

3. Taja mzigo mmoja na furushi moja katika familia yenu. Je, yuko mtu aliyeachiwa mzigo peke yake? Je, yuko mtu aliyenyang'anywa furushi lake?

4. Kwa nini wengi wetu husema baiskeli si ya msichana? Je, sababu hizo ni za Injili, au ni za desturi tu?

5. Yuko mtu ambaye hukupeana naye amani Jumapili iliyopita? Soma Mathayo 5:23–24, kisha usingoje Jumapili ijayo.

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyetembea kwa miguu katika njia za Galilaya, na kuingia Yerusalemu juu ya mwana-punda wa kuazima, uwalinde wote watokao asubuhi hii kwa miguu, kwa baiskeli, kwa basi na kwa gari. Uwarudishe nyumbani salama. Utufundishe kuchukuliana mizigo, na kumwachia kila mmoja furushi lake, tusidharau wala kuhukumu, mpaka sote tufike kwako. Amina.